Mwenye ADHD Hakosi Nasaha, Anakosa wa Kumfuatilia

Kila mwaka Chuo Kikuu cha Karatina, nchini Kenya, hupokea vijana waliotoka shule za bweni. Kwa miaka minne kengele ndiyo iliyowaamsha, ikawapeleka darasani, ikawarudisha kulala. Chuoni kengele haipo. Wengi huyumba wiki chache, kisha huzoea. Mwenye ADHD huendelea kuyumba: kazi ya Ijumaa huianza Alhamisi usiku, au haianzi kabisa, na tarehe ya mwisho ya kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, humpita huku fomu iko wazi kwenye simu yake. Nyumbani husemwa kwamba uhuru umemharibu. Lakini ukimuuliza alipaswa kufanya nini, atakueleza yote, tena kwa mpangilio.

Hapo ndipo kiini kilipo. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayovuruga umakini na kujidhibiti, na kwa sehemu kubwa hurithiwa. Ili kuithibitisha, daktari hutafuta dalili zilizoonekana kabla ya umri wa miaka 12, katika mazingira zaidi ya moja, kama nyumbani na shuleni. Duniani hukadiriwa kuwapata watoto wapatao 5 katika kila 100, na wengi wao hukua nayo. Mwanasaikolojia Mmarekani Russell Barkley ameeleza kwa miaka mingi kwamba mtu huyu analijua la kufanya. Kinachomshinda ni kulitenda wakati wake ukifika. Ndiyo maana nasaha ndefu za mjomba hazimfikishi popote. Zinamwongezea kile alicho nacho tayari.

Kocha wa watu wenye ADHD hushika mahali pengine. Wazo hili la ukocha lilienea baada ya mwaka 1994, madaktari Edward Hallowell na John Ratey walipoliandika katika kitabu chao Driven to Distraction. Mazungumzo huwa mafupi na ya mara kwa mara, hata kwa simu, na maswali yake ni ya karibu sana: aya ya kwanza utaiandika lini? Ukiwa umeketi wapi? Simu utamwachia nani? Nani atajua kwamba umeanza? Saa hiyo ikifika, kocha hupiga simu. Kazi kubwa hukatwakatwa mpaka ipatikane hatua ya dakika kumi. Muda nao hutolewa kichwani ukawekwa mahali unapoonekana: ukutani, kwenye saa, kwa mwenzake anayeketi kusoma kando yake. Asipotimiza, hagombezwi. Huulizwa alikwama wapi, kisha mpango hubadilishwa. Naliona hili la kutogombezwa kuwa zito kuliko yote, kwa sababu mtu aliyeitwa mvivu tangu darasa la kwanza akishaona aibu humkimbia hata anayemsaidia.

Mfanyabiashara mwenye hali hii katika soko la Karatina ana msaada ambao mwanafunzi hana. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni siku za soko, apende asipende, na wateja humfuata pale alipo. Kinachomponyoka ni kile kisicho na siku yake: madeni, hesabu, leseni. Kocha mwenye busara hukifunga kwenye siku hizo. Madeni ya Jumanne yaandikwe kabla turubai halijakunjwa, jirani wa kibanda akishuhudia.

Ukocha una mipaka. Hauthibitishi ugonjwa, wala hauchukui nafasi ya dawa pale daktari anapoona inafaa. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia, ila jina la kocha mtu anaweza kujipachika tu. Kwa hiyo anza hospitalini, upimwe. Anayekutaka uache dawa ulizoandikiwa, achana naye.

Na wewe mzazi ambaye huna fedha za kocha, kubaliana na mwanao saa maalumu ya jioni. Mpigie saa hiyo kila siku ya masomo, umuulize jambo moja tu: kesho utaanza na nini, saa ngapi? Kesho yake umuulize ilikuwaje, na usikilize jibu bila kufoka.