Namba Yako Ni Ngapi?

Waliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita, kile cha kampuni kununuliwa na wewe uko ndani, wanakumbuka nilianza kumtaja jirani yetu rubani, halafu stori ikanipotea njiani. Mmeniandikia wengi mkiuliza ilikuwaje. Haya, leo naimalizia.

Nimekulia Charlotte, North Carolina. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa rubani wa US Airways, mzungu mmoja mpole ambaye Mama alikuwa akimpelekea chapati kila alipopika nyingi. Mei 2007 alikuja kurudisha sahani, akabaki jikoni kwetu karibu saa nzima akieleza habari ya orodha. Mimi nilikuwa bado sekondari, kazi yangu ni kumtafsiria Mama maneno ya kisheria. Alipomaliza, Mama akaniuliza kwa Kiswahili, "Yaani miaka kumi na kitu yote imefutwa?" Kisha akaketi. Mama alikuwa nesi Dar kwa miaka 19. Alipofika Marekani alianza kwa kuogesha wazee, chini ya mabinti waliozaliwa wakati yeye anamaliza chuo. Hiyo habari haikuhitaji mkalimani.

Sasa, ili uelewe kilichompata jirani, lazima ujue rubani wa Marekani anaishi kwa namba. Siku ya kuajiriwa unapewa namba kwenye orodha ya ukongwe, na namba hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu: utarusha ndege gani, utaishi mji gani, lini utakuwa kapteni, Krismasi utakula nyumbani au hotelini. Kampuni ikipunguza watu, inaanzia chini ya orodha. Ukihama shirika, unaanza mwisho kabisa, hata kama una nywele nyeupe. Ndiyo maana mashirika mawili yakiungana, swali linalowanyima marubani usingizi ni moja tu. Orodha mbili zitachanganywaje?

Mwaka 2005 US Airways iliungana na America West ya Arizona. US Airways lilikuwa kubwa na la zamani, lakini lilikuwa limefilisika mara mbili, 2002 na 2004. Mishahara ilikatwa vibaya, na 2003 pensheni ya marubani ilivunjwa na kukabidhiwa bima ya serikali, ambayo kwa wengi hailipi kiasi walichoahidiwa. Lilikuwa na marubani zaidi ya 5,000 kwenye orodha, lakini wapatao 1,700 walikuwa wamepunguzwa, wako nyumbani wakisubiri kuitwa. America West lilikuwa na karibu 1,900, wadogo kwa miaka, lakini wote wako kazini. Watu wakaanza kuwaita Mashariki na Magharibi.

Mashariki walisema, hesabuni tarehe ya kuajiriwa, basi. Magharibi wakasema, ngoja kwanza. Nyinyi mlikuwa mnazama, sisi ndio tulioleta mtumbwi, halafu mnataka kukaa mbele? Rubani wa miaka mingi wa Mashariki alikuwa rubani msaidizi au hana kazi kabisa. Kijana wa Magharibi tayari alikuwa kapteni. Ukifuata tarehe peke yake, yule kapteni anasukumwa nyuma, na siku kampuni ikipunguza watu yeye ndiye anatoka.

Kusema kweli, nilipokuwa kijana sikuusikia upande huo hata siku moja. Nilikuwa upande wa chapati.

Pande zote mbili zilikuwa ndani ya chama kimoja, ALPA, na chama kilikuwa na utaratibu: mkishindwa kuelewana, anakuja mwamuzi, na uamuzi wake ni wa mwisho. Mwamuzi alikuwa George Nicolau. Orodha yake iliweka juu kabisa marubani 517 wa Mashariki, kwa sababu wao ndio waliorusha ndege kubwa za kuvuka bahari, kitu ambacho Magharibi hawakuwa nacho. Waliofuata walichanganywa kwa uwiano kulingana na nafasi walizokuwa nazo wakati wa kuungana. Waliokuwa wamepunguzwa wakawekwa chini. Matokeo yake, mtu wa Mashariki mwenye zaidi ya miaka 15 alijikuta nyuma ya kijana wa Magharibi aliyeajiriwa miezi michache kabla ya mashirika kuungana.

Hapo ndipo jirani alipokuja kurudisha sahani.

Mashariki hawakukubali. Lakini hawakugoma. Walihesabu vichwa. Wao walikuwa wengi, kwa hiyo walianzisha chama kipya, USAPA, ambacho katiba yake ilisimama kwenye tarehe ya kuajiriwa, na Aprili 2008 kura ikapigwa. ALPA kikaondolewa. Magharibi wakaamka wakijikuta wanatetewa na chama kilichoundwa ili kuwanyang'anya namba zao, na ada wanatakiwa kukilipa. Wakachanga pesa, wakaenda mahakamani Phoenix.

Sehemu inayofuata ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Orodha mpya isingeanza kutumika mpaka pande zote zisaini mkataba mmoja wa kazi. Mkataba huo ungewapandishia Mashariki mishahara, maana walikuwa bado kwenye mishahara ya enzi ya kufilisika, chini hata ya wenzao wa Magharibi. Ila ukisaini tu, orodha ya Nicolau inaweza kuingia mlangoni. Basi mkataba haukusainiwa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Watu walikubali kulipwa kidogo, mwaka baada ya mwaka, ili namba isiguswe. Na kampuni? Kampuni ilirusha ndege zake kama mashirika mawili ndani ya rangi moja, marubani wa huku hawagusi ndege za kule, na fedha za mishahara ambayo haikupanda zikabaki kwake. Mimi ningekuwa bosi pale nisingekuwa na haraka hata kidogo.

Januari 2009 ndege ya US Airways ilitua juu ya mto Hudson, New York, watu wote 155 wakapona. Kapteni Sullenberger alikuwa wa Mashariki. Lakini jina la redioni alilotumia siku hiyo lilikuwa "Cactus", jina la America West lililokuwa limechukuliwa na shirika zima. Dunia nzima ikampigia makofi, na mwezi uliofuata alienda mbele ya Bunge la Marekani akasema mshahara wake umekatwa asilimia 40. Jirani alitazama ushahidi ule sebuleni kwetu, hakusema kitu.

Mahakamani ikawa mpira wa kupigwa huku na kule. Mei 2009 jopo la raia liliwapa Magharibi ushindi. Juni 2010 mahakama ya rufaa ikautengua ikisema bado mapema, mkataba wenyewe haujasainiwa. Juni 2015 mahakama hiyohiyo ya rufaa ikatamka kwamba USAPA kilivunja wajibu wake wa kuwatendea haki wanachama wote. Kufikia wakati huo US Airways lilikuwa limeungana na American, Desemba 2013, na chama cha marubani wa American ndicho kilichokuwa kikiwakilisha wote. Orodha moja ya pande tatu ilitoka kwa jopo jipya la waamuzi Septemba 2016. Ilitazama miaka ya kazi pamoja na cheo na aina ya ndege. Kutoka 2005 hadi 2016, piga hesabu mwenyewe. Jirani alikuwa ameshastaafu.

Kwa nini nimelibeba hili mpaka kwenye kipindi? Maabara ninayofanya kazi imeunganishwa na nyingine ndogo iliyokuwa inafungwa. Wanakuja watu 12, karibu wote wametuzidi miaka ya kazi, na zamu kwetu zinachaguliwa kwa ukongwe. Sisi ni 60. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu ameshaandika kwamba hakuna haja ya mjadala, tupige kura tuwaweke mwisho, tumalize. Emoji za kucheka zilijaa. Nami niliweka moja, nikaiondoa baadaye.

Wakihesabiwa miaka yao yote, mimi natoka namba 23 naenda 34, na Jumamosi zangu zimekwenda. Nilimpigia Mama nikamweleza, nikamwambia pia hoja ya Magharibi, kwamba aliyekuta nyumba imesimama ana haki yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni wauguzi?" akauliza.

"Hapana Mama, ni watu wa maabara."

"Wana miaka mingapi kazini?"

Nikamwambia mkubwa wao ana 19.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama Jumamosi ijayo naenda kumsaidia kubeba mchele, au ndiyo nitakuwa kazini.

Kura ni Alhamisi. Nimewaandikia wenzangu kwamba napendekeza miaka yao ihesabiwe, na mkubwa wa zamu asishushwe cheo, wa kwetu wala wa kwao. Mpaka sasa wamenijibu wanne.