Haishiki moto, lakini inaua ini

Mahindi yakishavunwa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, mkulima hukabiliana na dumuzi, na magunia mara nyingi hulala nyumba moja na watu. Siku hizi mfuko wa tabaka tatu humnyima mdudu hewa akafa bila dawa. Zamani, katika nchi nyingi, ghala zilifukizwa kwa kaboni tetrakloridi, kimiminika ambacho madhara yake bado yanafaa kujulikana.

Hakina rangi, kina harufu tamu, na hakiwaki. Kwa kuwa hakiwaki, kilijazwa kwenye vizimamoto, kikaondolea nguo madoa, kikachanganywa na dawa za ghala zinazolipuka ili kuzituliza. Miaka ya 1920 hata wagonjwa wa minyoo ya safura walinyweshwa!

Mvuke wake ni mzito mara tano kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, pale mtoto anapolala kwenye mkeka. Pua haisaidii: mtu anapoisikia harufu, kiwango huenda kimeshavuka kile kinachoruhusiwa kazini. Ukikutana na joto kali hutoa fosijini, gesi iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza.

Ini ndilo huumia zaidi. Likijaribu kuivunja sumu hiyo, huzalisha chembe kali zinazoharibu kuta za seli zake lenyewe. Pombe huongeza kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, kwa hiyo mnywaji hudhurika kwa kiasi ambacho mwenzake angekistahimili. Kwanza huja kizunguzungu na kutapika, kisha nafuu. Siku chache baadaye macho huwa ya manjano na mkojo hupungua. Naihofia sana nafuu hiyo, maana humbakiza mgonjwa nyumbani wakati hospitali ingeweza kumpa asetilisisteini, dawa wanayopewa waliozidisha parasetamoli, ambayo hufaa zaidi ikiwahi.

Kwa kuwa kaboni tetrakloridi inaharibu tabaka la ozoni pia, Itifaki ya Montreal iliipiga marufuku kwa matumizi ya kawaida, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuiacha. Ikionekana leo, yaelekea ni chupa kuukuu ya maabara au karakana. Usiifungue kuinusa, wala usiimwage: ni nzito kuliko maji, hivyo huzama ardhini hadi kwenye maji ya kisima na kukaa humo miaka. Iache imefungwa, watoto wasiifikie, kisha toa taarifa kwa ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Dodoma.