Kilaptopu cha bei poa? Chungulia RAM kabla hujatoa pesa

Komredi akipata pesa za HELB, safari ya kwanza huwa ni kutafuta laptopu. Nyeri, Karatina au Nanyuki, inayolingana na mfuko wake mara nyingi ni ndogo na ya mtumba, ile wauzaji wanaita “ex-UK”. RAM ni 4GB. Muuzaji anakutuliza: “Utaongeza baadaye.”

Hapo kwenye “baadaye” ndipo watu huumia, kwa sababu kuna mashine zisizoongezwa kitu. HP Stream 11 ya 2014 ina 2GB zilizolehemewa kwenye bodi. Hakuna sloti. Hata hifadhi yake ya 32GB imelehemewa vilevile, kwa hivyo fundi atakupa pole tu.

Lakini EliteBook 820 G1, ndogo pia, ina sloti mbili na hubeba hadi 16GB. ThinkPad X240 ina sloti moja, mwisho 8GB. Ukiongeza, ile ya zamani inatoka. (Usimwachie fundi bure, hiyo ni pesa.)

Kwa anayesomea uhandisi pale Dedan Kimathi, hili si suala la mbwembwe. AutoCAD za siku hizi zinataka angalau 8GB. Ukiwa na 4GB, Windows inajichukulia fungu lake, Chrome inamega lake, nawe unabaki kutazama kiduara kikizunguka huku saa ya kuwasilisha kazi ikiyoyoma.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, washa mashine palepale dukani. Kama ina Windows 10 au 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia Performance, kisha Memory. Utaona sloti ni ngapi na zimejaa ngapi. Ukiona “Row of chips”, jua imelehemewa. Mwombe pia muuzaji afungue kifuniko cha chini ujionee. Akikataa, vuka barabara, maduka ni mengi.

Aina ya RAM nayo ina mambo. DDR4 haiingii kwenye sloti ya DDR3. Ila DDR3 ya kawaida, ya volti 1.5, inaingia vizuri kabisa kwenye 820 G1 inayotaka DDR3L ya volti 1.35, halafu mashine inakataa kuwaka.

Na kama imewekewa Windows ya biti 32, hata ukitia 8GB itatumia chini ya 4GB. Mwambie fundi aweke ya biti 64 kabla hujatoka hapo.