Utulivu wa Mkopo

Somo: Mithali 23:29-35

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuliangalia jambo ambalo wengi wetu tulio Wakristo hulificha: habari ya mtu anayekunywa pombe, si kwa kutafuta anasa, bali kwa sababu ya wasiwasi.

Tuchukue mfano wa baba mmoja. Karo ya watoto haijalipwa, na kazini yasemekana watu watapunguzwa. Usiku hapati usingizi. Jioni moja apita kilabuni, anywa chupa mbili tatu, na moyo watulia. Alala fofofo. Lakini saa tisa za usiku aamka ghafula. Moyo wamwenda mbio, jasho lamtoka, mikono yatetemeka, na hofu imemshika asijue ni hofu ya nini. Adhani ni ile karo. Jioni inayofuata arudi kilabuni kuitafuta dawa.

Je, ni nini kilichompata? Madaktari watueleza hivi. Katika ubongo Mungu ameweka kemikali za kutuliza na kemikali za kuamsha, nazo husawazishana kama mizani. Pombe huongeza uzito upande wa kutuliza. Ndiyo sababu mnywaji huona nafuu, na nafuu hiyo aihisi kweli. Lakini ubongo haukubali mizani ilalie upande mmoja, nao huongeza nguvu upande wa kuamsha. Baada ya saa kadhaa ini limekwisha kuiondoa pombe mwilini, ila ile nguvu ya kuamsha ingali pale. Ndipo moyo uendapo mbio. Hofu ya usiku ule haikuletwa na karo peke yake; imeletwa pia na pombe yenyewe ikitoka.

Basi pombe haimpi mtu utulivu. Yamkopesha, kisha yaudai pamoja na riba. Na kadiri anavyokopa, ubongo huzoea, hata chupa mbili zilizotosha jana leo zataka kuwa nne. Mwandishi wa Mithali aliyaona haya zamani. Katika mlango wa 23 atuonyesha mtu aliyeumizwa na mvinyo, naye aamkapo, nia yake ni kuutafuta tena. Wahenga wetu nao walisema, dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kukopa tena.

Hapa twapaswa kuungama kosa letu sisi wa kanisani. Mtu kama huyu ajapo mbele siku ya Jumapili na kutubu, sisi humwimbia, humpa mkono, kisha twamwambia asionje hata tone tangu siku hiyo. Twarudi nyumbani tukifurahi, naye aenda zake peke yake. Lakini kwa yule aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, kuacha kwa ghafula kwaweza kuwa hatari. Katika siku mbili tatu za kwanza aweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Watu wa nyumbani hudhani ni pepo, wakaanza kukemea, na huku saa zapita. Ndugu zangu, huyo ni mgonjwa. Apelekwe hospitali upesi, kwa maana dawa za kumvusha salama zipo. Afadhali zaidi amwone daktari kabla ya kuacha.

Kufanya hivyo si upungufu wa imani. Yule Msamaria mwema wa Luka 10 hakumwombea majeruhi na kupita. Alimfunga majeraha, akampandisha mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, na gharama akailipa yeye.

Waachapo pombe, wengi huona wasiwasi ukipungua baada ya majuma kadhaa. Wengine walikuwa nao hata kabla ya kunywa, na kwao utabaki. Hao nao wasiaibishwe. Wasiwasi wa namna hiyo ni ugonjwa wenye matibabu yake, kwa mazungumzo na mshauri au kwa dawa za daktari. Na kama shina lake ni karo, basi akae na mkewe na mzee mmoja wa kanisa, wahesabu deni, waende kwa mwalimu mkuu kuomba kulipa kidogo kidogo. Mtume Petro atukumbusha kwamba Mungu anatujali, nasi twaweza kumwachia mizigo yetu. Mara nyingi Mungu huipokea mizigo hiyo kwa mikono ya watu wake.

Mpenzi msikilizaji, ikiwa wewe ndiwe uamkaye saa tisa, usingoje Jumapili. Mwambie mtu mmoja leo. Na wewe uambiwaye, usimhukumu. Vaa viatu, umsindikize.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wawajua wasiolala usiku wa leo. Wape utulivu usiodaiwa riba, na utufanye sisi kuwa majirani zao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.