Kabla ya Milima: Utangulizi wa Kuwapima Wapandaji

Kila mwaka Julai inapokaribia, wapenzi wa mbio za baiskeli huulizana swali lile lile: nani atatawala milimani katika Tour de France? Wengi hujibu kwa kutaja jina tu. Mimi nakualika, ndugu msomaji, ujibu kwa hesabu kidogo, kwa ramani ya njia, na kwa kumbukumbu ya mbio zilizopita. Elimu hii ina raha yake, na haikutaki uwe umewahi kukalia baiskeli ya mashindano. Kama unajua kuzidisha na kugawanya, unaweza kuanza leo.

Huenda ulivutwa na habari za Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akalelewa kimchezo na David Kinjah huko Kikuyu, kisha akaitwaa Tour de France mara nne. Huenda pia ulisimama kando ya barabara Kigali mnamo Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, ukamwona Tadej Pogačar wa Slovenia akiwaacha wenzake kwenye Mlima Kigali. Kokote ulikotokea, karibu.

Tuanze na msingi. Mbio za hatua ni mashindano ya siku nyingi. Safari ya kila siku huitwa hatua, na muda wa kila mwendeshaji hujumlishwa siku baada ya siku. Tour de France ina hatua 21 katika wiki tatu. Mwenye jumla ndogo ya muda huvaa jezi ya njano, na anayeivaa siku ya mwisho ndiye bingwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa bingwa bila kuongoza kwenye mstari wa mwisho hata siku moja, kama alivyofanya Froome mwaka 2017.

Hapa mgeni huuliza, na ana haki ya kuuliza: ikiwa kinachohesabiwa ni muda, mbona watu huzungumzia milima kuliko tambarare, ambako kilomita ni nyingi zaidi? Sababu ni hewa. Katika barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji huishia katika kuipasua hewa iliyo mbele yake. Anayejibanza nyuma ya mwenzake hukingwa, naye hutumia nguvu chache kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana kundi kubwa hufika pamoja na wote huandikiwa muda mmoja. Barabara ikianza kupanda, mwendo hupungua, hewa nayo haisumbui tena sana, na adui mkuu huwa ni uzito. Aliyewahi kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenye vilima vya Burundi anaifahamu fizikia hii kwa mabega yake. Mlimani mgongo wa mwenzako haukufichi sana. Dakika zinazoamua mbio hupatikana huko, na hupotelea huko.

Ukali wa mlima hupimwa kwa asilimia. Mwinuko wa asilimia 8 maana yake ni kwamba kwa kila mita 100 unazosafiri, unapanda mita 8 kwenda juu. Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Ufaransa wenye kona 21, una urefu wa kilomita 13.8 na wastani wa asilimia 8.1. Neno wastani ulitazame kwa makini kila unapokutana nalo. Mlima wenye wastani wa asilimia 6 unaweza kuwa na kilomita mbili za kupumzika na nyingine mbili za asilimia 11, na mashambulizi yatatokea kwenye hizo mbili za mwisho.

Sasa tumgeukie mtu mwenyewe. Nguvu anayotia kwenye pedali hupimwa kwa wati, yaani kiasi cha kazi anachofanya kila sekunde. Baiskeli za mashindano zina kifaa cha kuisoma papo hapo. Lakini wati peke yake hazitoshi, kwa kuwa mwenye mwili mkubwa hutoa nyingi na hubeba uzito mwingi. Kwa hiyo tunazigawanya kwa uzito wake na kupata wati kwa kilo. Mwenye kilo 60 anayetoa wati 360 ana wati 6 kwa kilo, na mwenye kilo 75 atahitaji wati 450 ili awe sawa naye. Kwenye mlima unaochukua nusu saa au zaidi, wati 6 kwa kilo ndizo zinazomweka mtu karibu na wanaowania jezi ya njano. Mtu mwenye afya njema asiye na mazoezi maalumu hawezi kudumu na nusu ya kiasi hicho kwa muda huo.

Usikimbilie kuhitimisha kwamba mwepesi kuliko wote ndiye atakayeshinda. Kanuni za shirikisho la kimataifa, UCI, hazikubali baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Kwa mwenye kilo 55 hiyo ni zaidi ya asilimia 12 ya uzito wake. Kwa mwenye kilo 75 ni kama asilimia 9. Mdogo anabeba mzigo mkubwa zaidi kwa kadiri ya mwili wake. Tena mbio nyingi za wiki tatu huwa na hatua ya kukimbiza saa, ambapo kila mtu huanza peke yake na hana wa kumkinga na upepo, na huko wati nyingi kwa jumla hulipa. Miguel Indurain wa Hispania, mtu wa takriban kilo 80, alitwaa Tour tano mfululizo kuanzia 1991 hadi 1995. Alikuwa akichuma dakika dhidi ya saa, kisha milimani anakataa kuachwa.

Timu nyingi huzificha takwimu za wati, nasi watazamaji tunalazimika kukadiria. Njia rahisi ni kupima kasi ya kupanda, yaani mita ngapi mtu anakwenda juu kwa saa moja. Chukua mlima wa kilomita 10 wenye wastani wa asilimia 8. Kutoka chini hadi kileleni ni mita 800. Aliyetumia dakika 30 amepanda kwa mita 1,600 kwa saa; aliyetumia 27 amekaribia mita 1,780. Linganisha mlima mkali na mkali mwenzake, maana kwenye mwinuko mdogo mwendo huwa mkubwa, na hewa hurudi kudai sehemu yake.

Ukishaionja hesabu hii utatamani kuitumia kwa kila mbio uliyowahi kuiona. Nenda nayo taratibu. Plateau de Beille, kwenye milima ya Pyrenees, ni somo zuri. Mwaka 1998 Marco Pantani aliupanda kwa muda uliodumu kama rekodi kwa miaka mingi. Mwaka 2024 Pogačar aliushusha muda huo kwa zaidi ya dakika tatu. Je, ni nguvu za miguu tu? Mwaka 2024 wasaidizi wa mpinzani wake Jonas Vingegaard walivuta kwa kasi tangu chini, kisha Vingegaard mwenyewe akashambulia mapema, na Pogačar akajificha nyuma yao mpaka alipoamua kuondoka. Baiskeli na matairi yamebadilika. Waendeshaji wa leo hula wanga mwingi sana wakiwa barabarani, mara nyingi karibu gramu 100 kwa saa au zaidi. Na nyakati za miaka ya 1990 zina doa la dawa za kuongeza nguvu, doa ambalo mwaka 2012 liliondoa mataji yote saba ya Lance Armstrong, aliyekuja baada ya Pantani. Muda ni ushahidi, na ushahidi huhitaji kuhojiwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha taaluma hii, na napapenda kuliko pengine pote. Swali la mwanzo lilikuwa nani anapanda kwa kasi. Swali linalofaa ni nani atapanda kwa kasi kwenye mlima huu, siku hii, baada ya yote yaliyotangulia. Milima haifanani, na mtu yule yule hafanani na nafsi yake kwenye milima miwili.

Tazama Tour ya 2022. Katika hatua ya 7 waendeshaji walimaliza La Planche des Belles Filles, mpando mfupi wa kilomita 7, mkali sana, ambao kilele chake hakifiki hata mita 1,200 juu ya bahari. Pogačar alimpita Vingegaard mita chache kabla ya mstari. Aliyetathmini kwa siku ile peke yake angesema mashindano yamekwisha. Siku chache baadaye ikaja hatua ya 11: Télégraphe, kisha Galibier wenye kimo cha mita 2,642, kisha Col du Granon, kilomita 11.3 kwa wastani wa asilimia 9.2, ukiishia mita 2,413. Kabla ya Granon, Vingegaard na mwenzake wa timu Primož Roglič walimshambulia Pogačar kwa zamu, huyu akirudi yule anaondoka, naye akawajibu mmoja mmoja. Kwenye Granon nguvu zilimwishia, akapoteza karibu dakika tatu na jezi ya njano.

Siku ile ina karibu kila kitu unachohitaji kujifunza. Kwanza urefu: mlipuko wa dakika kumi na tano na kazi ya dakika arobaini ni vipaji tofauti. Pili, uchovu uliotangulia. Wati za mtu aliyetoka kifungua kinywa hazituambii mengi. Tunataka wati zake baada ya saa nne za milima. Wataalamu huita sifa hii ustahimilivu, na kwa maoni yangu inafaa kupewa uzito mkubwa kuliko nyingine zote katika tathmini ya mbio za wiki tatu. Tatu, kimo. Kadiri unavyopanda juu ya bahari, hewa huwa nyepesi, na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Juu ya mita 2,000 hasara huanza kuonekana waziwazi, na hailingani kwa watu wote.

Msomaji wa Afrika Mashariki halihitaji somo refu kuhusu kimo. Wakimbiaji wa dunia nzima huja kufanya mazoezi Iten, kwenye mita 2,400 hivi, kwa sababu mwili unaoishi juu huongeza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Waendeshaji baiskeli hufuata mantiki ile ile kwenye volkano ya Teide huko Tenerife au Sierra Nevada ya Hispania, kwa kambi za wiki mbili au tatu. Egan Bernal wa Kolombia hakuhitaji kusafiri: alikulia Zipaquirá, juu ya mita 2,600. Katika Tour ya 2019 aliwaacha wote kwenye Col de l'Iseran, juu ya mita 2,700. Mvua ya mawe na maporomoko ya udongo vikaikatisha hatua upande wa pili, muda ukachukuliwa kileleni, na jezi ya njano ikamwendea yeye. Kwa hiyo unaposoma ramani ya njia, andika kimo cha kila kilele kando ya mwinuko wake.

Maandalizi nayo yana neno lake. Mwaka 2023 Pogačar alivunjika kifundo cha mkono mwezi Aprili katika mbio za Liège–Bastogne–Liège. Alifika Tour akiwa mkali kwa milipuko: alimwacha Vingegaard kwenye mpando wa Cauterets na tena kwenye ule wa Puy de Dôme. Mpaka wiki ya tatu walitofautiana kwa sekunde 10. Kisha, kwenye hatua ya kukimbiza saa ya Combloux, Pogačar akapoteza dakika 1 na sekunde 38, na kesho yake, kwenye Col de la Loze, zaidi ya dakika tano na nusu. Jeraha linaweza kumwachia mtu makali ya siku moja na kumnyima kina cha wiki ya tatu, kwa kuwa kina hujengwa kwa miezi ya mazoezi yasiyokatika.

Kipimo kinachotazamwa sana kabla ya Tour ni mbio zilizoitwa Critérium du Dauphiné hadi 2025, mbio za siku nane mwezi Juni, mara nyingi kwenye milima ile ile ya Alps. Froome alizishinda mwaka 2013, 2015 na 2016, na kila mara akaendelea kuitwaa Tour. Ungedhani kanuni imepatikana. Mwaka 2017 alimaliza wa nne, Jakob Fuglsang akashinda, na bado Julai jezi ya njano ikawa ya Froome. Yasome matokeo ya Juni kama habari za mtu anayejengeka au aliyekwisha kufika kileleni mapema. Nafasi aliyomaliza ina uzito mdogo kuliko mwelekeo wake kati ya siku ya kwanza na ya mwisho.

Kuhusu timu nitasema machache. Kila timu huleta waendeshaji wanane, na wasaidizi wawili wenye uwezo wa kubaki na kiongozi wao mpaka mlima wa mwisho ni hazina. Na usidanganywe na jezi nyeupe yenye madoa mekundu, inayotolewa kwa alama za vilele tangu 1975. Richard Virenque aliitwaa mara saba bila kuwahi kushinda Tour, kwa kuwa alama huokotwa pia na wanaotoroka mapema siku ambazo wakubwa wanatazamana.

Ukiandika tathmini yako ya kwanza, anza na njia kabla ya majina: chagua milima miwili au mitatu iliyo mwishoni mwa hatua ngumu za wiki ya pili na ya tatu, kisha uliza ni nani aliyewahi kufanya vizuri kwenye mlima wa namna hiyo akiwa amechoka. Toa uwezekano badala ya uhakika. Mwaka 2017 wengi walimweka Richie Porte juu kabisa, na walikuwa na sababu, maana Dauphiné ilimponyoka kwa sekunde 10 tu siku ya mwisho. Katika hatua ya 9 ya Tour alianguka akiteremka Mont du Chat, na safari yake ikaishia pale. Hakuna hesabu ya kupanda ambayo ingelionyesha hilo, na waliomtaja hawakukosea kufikiri. Kwa zoezi lako la kwanza nakupendekezea mwaka huo huo: tafuta matokeo ya Dauphiné ya 2017, mbio ambazo nazo zilipita Mont du Chat, yaweke kando ya njia ya Tour, funika majina ya washindi, na uandike watu watano ungewapa nafasi kabla ya hatua ya kwanza.