Supu Haiidanganyi Alcoblow

Dereva wa sikukuu anayenitia hofu si yule anayepepesuka saa nane usiku. Huyo hata mlinzi wa baa humnyang'anya ufunguo. Namhofia aliyelala kidogo, akaoga, akanywa supu ya kuzimua (Nairobi wangesema kutoa loki), kisha saa kumi na mbili asubuhi akapakia watoto na zawadi garini kwenda ushago.

Tumpigie hesabu. Tuseme aliweka chupa chini saa nane usiku akiwa na miligramu 150 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Ini la mtu mzima huondoa takriban 15 kwa saa, wala halisikii kahawa, maji baridi au pilipili ya supu. Kahawa itamfumbua macho tu. Saa kumi na mbili bado ana 90. Sifuri ataifikia saa sita mchana, pengine mbuzi akiwa ndiyo kwanza anatolewa motoni na kreti mpya inafunguliwa.

Kenya, kanuni za Alcoblow, kile kifaa cha kupima pombe katika pumzi, ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi. Damu inapopita mapafuni, pombe huvukiza ikaingia hewani kwa uwiano wa karibu 2300 kwa 1. Ndiyo maana kiwango hicho hulingana na miligramu 80 katika mililita 100 za damu, kipimo walichokiweka Waingereza mwaka 1967. Ndani ya vifaa vingi vya aina hii mna platinamu. Pombe ikiigusa hugeuka kuwa asidi ile ile ya siki, na mgeuko huo huzalisha umeme: pombe nyingi, umeme mwingi. Kifaa hakinusi, kwa hiyo PK na vitunguu ni kujisumbua bure. Dawa ya kusukutua yenye pombe yaweza hata kukupandishia namba kwa dakika chache.

Sheria ndiyo iliyoyumba. Alcoblow ziliingia barabarani mwishoni mwa 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikazitupa kanuni zake, kwa kuwa Sheria ya Trafiki inamwadhibu dereva aliyeshindwa kulimudu gari, ilhali kanuni zilitazama kiwango tu. Majaji, naona, walisoma maandishi sawasawa. Lakini kushindwa huko nani akutambue mapema? Pombe huanza kwa kuharibu uwezo wa mtu kujipima. Yule wetu wa 90, ukimwuliza, atakwambia yuko fiti kabisa.