Mzinga: Mwanya Mdogo Uliookoa Nyuki

Wahenga walinena, "Fuata nyuki ule asali." Lakini je, nyuki naye atakula nini tukishaila asali yake? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari, mwanachama mwenzangu, kwa kutazama jinsi mzinga ulivyobadilika.

Kwetu Ukambani mzinga wa jadi ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini. Ni imara na hauna gharama kubwa. Ila masega hushikamana na gogo lenyewe. Mrinaji hana budi kuyakata, na asipoangalia huyakata pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Ulaya mambo yalikuwa mabaya zaidi. Walifuga nyuki katika vikapu vya majani makavu, na mara nyingi waliwaua kwa moshi wa kibiriti ndipo wapate asali!

Mwaka wa 1851, mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, alitambua siri. Mwanya ukiwa chini ya milimita 6, nyuki huuziba kwa gundi yao. Ukizidi milimita 9 hivi, hujenga sega humo. Ukiwa kati ya hapo, kumbe huuacha wazi wapate njia! Basi akaunda sanduku lenye fremu zilizozungukwa na mwanya huo. Sega likawa linainuliwa na kurudishwa, nyuki wakiwa wazima.

Lakini fremu hizo zahitaji fundi hodari, na bei yake si mchezo. Ndipo katika miaka ya 1970 wataalamu wa hapa Kenya na wenzao wa Kanada wakaunda mzinga ambao hata ng'ambo huitwa kwa jina la nchi yetu. Hauna fremu. Una vipande vya mbao vyenye upana wa milimita 32, vilivyopangwa vikagusana kama dari, na chini ya kila kimoja huning'inia sega. Ukiinua kimoja, vingine vinaendelea kufunika, kwa hivyo nyuki wetu wakali hawatoki wote kukuvamia. Tena hutundikwa kwa waya, kimo cha kiuno. Kupanda mti kurina asali kulikuwa kazi ya wanaume. Sasa hata mama hufungua mzinga wake akiwa amesimama chini.

Ndugu msomaji, wavumbuzi hawa hawakumbadilisha nyuki. Walimtazama, wakabadilisha nyumba yake. Basi fuata nyuki ule asali, ila umwachie naye yake. La sivyo, mwaka ujao utafuata nini?